Kaseti za video za kanisa na za jamaa: namna ya kuzihamisha kwenye diski bila kuharibu picha



Katika nyumba nyingi za wakristo wetu, na katika ofisi za parokia nyingi, kuna sanduku lenye kaseti za video za zamani. Ndani yake mna arusi za miaka ya 1990, ubatizo mtoni, kuwekewa mikono kwa wachungaji, mikutano ya wamama, nyimbo za kwaya ambazo hazikuandikwa popote, na maziko ya wazee wetu. Mashini ya kuzionyesha ilikwisha kuharibika zamani, kwa hiyo hakuna anayezitazama. Watu wanafikiri kwamba, kwa kuwa kaseti ipo, basi picha nayo ipo. Si hivyo.

Miaka michache iliyopita mama mjane mmoja aliniletea DVD, akaniomba nimsaidie kuitazama. Ilikuwa siku ambayo mume wake aliwekewa mikono kuwa mchungaji. Fundi alikuwa amebana saa sita za picha kwenye diski moja. Nyuso zilikuwa zimegeuka miraba miraba, watu wamevutwa wakawa wafupi na wanene, na sauti ilichelewa nyuma ya midomo. Nilimuuliza kaseti yenyewe iko wapi. Alijibu kwamba aliambiwa haina kazi tena, ikatupwa. Hapo hapakuwa tena na la kutengeneza.

Ni kwa sababu hiyo ninaandika maelezo haya. Kazi ya kuhamisha kaseti si ngumu sana, na parokia yenye vijana wenye bidii inaweza kuifanya. Lakini kuna mambo ambayo ukiyakosa mara moja, huwezi kuyarudia.

Nakala mbili za Yeremia

Katika Yeremia sura ya 32, nabii ananunua shamba la Hanameli kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, na yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Hata hivyo anafuata utaratibu wote. Hati ya ununuzi ina nakala mbili, moja imetiwa muhuri na kufungwa, nyingine iko wazi. Anampa Baruku zote mbili na kumwagiza aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nakala iliyo wazi ilikuwa ya kusomwa. Iliyofungwa ilikuwa ya kulindwa, ili kama ile ya wazi ikichakaa au ikitiliwa shaka, watu wawe na mahali pa kurudi. Sisi wa mashariki tunaujua vizuri mji uliozungukwa na majeshi, kwa hiyo hatuhitaji mafafanuzi marefu.

Katika kazi hii ya kaseti, tunatengeneza vilevile nakala mbili. Ya kwanza ni faili kubwa ya kompyuta ambayo haikubanwa kwa hasara, nayo ni nakala iliyofungwa. Ya pili ni DVD, au faili ndogo ya simu, nayo ni nakala iliyo wazi. Kosa linalorudiwa katika miji yetu ni kutengeneza ya pili tu, kisha kuitendea kama ndiyo ya kwanza.

Kwa nini kaseti zinakufa

Kaseti ya VHS, iliyotolewa na kampuni ya JVC huko Japani mwaka 1976, ina utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7. Juu ya plastiki hiyo kuna unga wa chuma wenye sumaku, ulioshikwa na gundi. Picha ni mpangilio wa sumaku katika unga huo, na gundi ndiyo inayoushika mahali pake.

Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Polepole inalegea, unga unaanza kubanduka, na utepe unanata ndani ya mashini. Penye unyevu mwingi, kama katika nyumba za pwani ya ziwa au chini ya bati linalovuja, ukungu mweupe huota kwenye kingo za utepe. Sumaku yenyewe nayo hufifia kidogo kidogo na rangi zinapauka. Kaseti iliyochezwa mara nyingi mno ina mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mstari mweupe unaopita juu ya picha.

Mashini nazo zinaisha. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashini za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Tangu hapo zilizobaki ni za zamani, na kila moja inayokufa haipati badala. Ndiyo maana tunasema kaseti zihamishwe sasa, wakati mashini na mafundi bado wanapatikana.

Tusisahau misiba ya kwetu. Tarehe 17 Januari 2002 mawe ya moto ya Nyiragongo yalipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 yalishuka tena hadi kando ya mji. Kuna jamaa zilizokimbia na watoto mgongoni na mikono mitupu. Vita nayo imeteketeza sanduku nyingi. Kitu chenye nakala moja tu, mahali pamoja tu, ni kama kimekwisha kupotea.

Hatua ya kwanza: kukusanya na kuchagua

Msianze na mashini, anzeni na daftari. Pangeni kila kaseti na namba yake, andikeni yaliyoandikwa kwenye kifuniko, mwaka kama unajulikana, na jina la mwenye nayo. Kaseti inaporudi kwake, atie sahihi.

Kisha tafuteni kaseti ya kwanza, ile iliyotoka katika kamera siku ya tukio. Jambo hili ni la maana kuliko mashini yoyote. Kila mara kaseti ya VHS ilipokopiwa kwenye kaseti nyingine, picha ilipoteza ukali na rangi zikamwagika. Nakala ya nakala ya nakala, kama zile zilizouzwa kwa wanakwaya wote, haiwezi kurudishwa na kompyuta. Mara nyingi ile ya kwanza iko kwa mpiga picha wa zamani au kwa watoto wake. Nendeni mkaulize.

Chagueni zitakazotangulia. Kaseti za filamu zilizonunuliwa sokoni hazina haraka. Zitangulie zile ambazo hakuna nakala nyingine duniani, na kati ya hizo, zile za wazee waliokwisha kulala na za kwaya ambazo wanakwaya wake wametawanyika.

Hatua ya pili: kuchunguza kaseti kabla ya kuicheza

Fungueni kile kifuniko kidogo cha mbele na mtazame utepe kwenye mwanga.

Mkiona unga mweupe au madoa ya ukungu, kaseti hiyo isiingie mashinini. Itachafua mashini, na mashini itaambukiza kaseti nyingine zote. Iwekeni peke yake katika mfuko, mahali pakavu, mpaka apatikane fundi mwenye ujuzi wa kuisafisha.

Kama utepe umekatika au umekunjamana, ganda la VHS lina parafujo tano chini yake na linafunguka. Fundi mtulivu anaweza kuunga utepe kwa gundi ya karatasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au kuuhamishia katika ganda zima. Gundi ya karatasi ya ofisini isitumike, kwa maana inayeyuka na kuchafua mashini.

Mgongoni mwa kaseti kuna kidude kidogo cha plastiki. Kikiwa bado kipo, mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, arusi ya bibi yako inafutika. Kivunjeni kabla ya jambo lolote.

Kaseti iliyotoka mahali pa baridi, kama Lubero, ikifikishwa mahali pa joto, kama Beni au Uvira, hupata umande ndani. Iacheni ikae saa kadhaa, hata usiku mzima, kabla ya kuicheza. Halafu ipelekeni mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma mpaka mwanzo, mara moja bila kusimama. Utepe uliokaa miaka 20 bila kuguswa umeshikamana, na mzunguko huo unaulegeza.

Hatua ya tatu: mashini na waya

Mashini nzuri ya kaseti ina thamani kuliko kompyuta nzuri. Ndani yake kuna ngoma ya chuma inayozunguka kwa kasi, na juu yake vichwa vidogo vinavyosoma utepe. Vichwa vikichafuka, picha inajaa theluji. Kusafisha si kupuliza kwa mdomo. Chomoeni umeme, fungueni kifuniko, loweshani kipande cha ngozi laini kwa alkoholi ya aizopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha kishikeni bila kukisogeza kwenye ngoma huku mkiizungusha ngoma polepole kwa mkono kutoka juu. Kamwe msisugue kwenda juu na chini, mtavunja vichwa. Pamba isitumike, kwa sababu nyuzi zake zinanasa. Ngojeni ikauke kabisa kabla ya kuweka kaseti.

Jaribuni mashini kwanza na kaseti isiyo na thamani. Ikimeza hiyo, hamkupoteza kitu.

Picha ikitetemeka au mstari wa theluji ukikaa mahali pamoja, tumieni kitufe cha trakingi mpaka itulie. Wakati mwingine kaseti iliyorekodiwa na mashini fulani inasomwa vema na mashini ile ile tu. Kama parokia ina mashini mbili, jaribuni zote.

Kuhusu waya, kuna daraja tatu. Ya chini kabisa ni waya wa antena, msiutumie. Ya kati ni ile mitatu inayojulikana, manjano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Ya juu ni waya wa S-Video, ambao hupitisha mwanga na rangi kila kimoja njia yake, na hupatikana kwenye mashini bora, hasa zile za S-VHS. Mkiwa nayo, itumieni. Mkiwa na manjano tu, kazi itaendelea, lakini waya uwe mfupi na mzima.

Kosa moja limeenea sana siku hizi: kuweka simu mbele ya televisheni na kupiga picha kioo. Mistari inapita juu ya picha, rangi zinageuka, na mbwa wa jirani anaingia katika wimbo wa kwaya. Hilo lifanyike tu kama hakuna njia nyingine na kaseti inakaribia kufa.

PAL, SECAM na NTSC

Dunia ya televisheni ya zamani iligawanyika katika lugha tatu. Marekani ilitumia NTSC. Ufaransa na nchi nyingi zilizofuata Kifaransa, pamoja na yetu, zilitumia SECAM. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia PAL, na kamera nyingi zilizofika kwetu kwa njia ya biashara zilikuwa za PAL. Kwa hiyo katika sanduku moja mnaweza kukuta lugha zote tatu, hasa kama kuna kaseti iliyotumwa na ndugu aliye Marekani.

Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, au ikipanda na kushuka bila kutulia, msiseme mara moja kwamba kaseti imekufa. Huenda mashini haijui lugha yake. Tafuteni mashini inayosoma mifumo yote, kisha katika programu ya kompyuta chagueni mfumo ule ule. PAL na SECAM zina picha 25 kwa sekunde na mistari 576 inayoonekana. NTSC ina karibu picha 30 kwa sekunde na mistari 480. Msigeuze moja kuwa nyingine katika nakala iliyofungwa.

Hatua ya nne: kuingiza picha katika kompyuta

Kati ya mashini na kompyuta panahitajika kifaa kidogo cha kunasa picha, kinachochomekwa kwenye USB. Vya bei ya chini kabisa huharibu rangi na kuacha sauti nyuma. Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja kizuri, iwe hiki, baada ya mashini yenyewe.

Programu za bure zipo. VirtualDub inafaa kwa kunasa bila kubana kwa hasara. OBS Studio ni rahisi zaidi kwa wanaoanza. Popote mtakapofanyia, angalieni mambo haya:

1. Ukubwa wa picha uwe 720 kwa 576 kwa PAL na SECAM, au 720 kwa 480 kwa NTSC. Kuchagua ukubwa wa juu zaidi hakuongezi kitu. VHS ina ukali wa mistari kama 240 tu kwa upana, na hakuna programu inayoweza kurudisha uso ambao kamera haikuuona. Kuna programu mpya zinazodai kukuza picha. Zinachora ngozi na macho kwa kukisia, na kwa kumbukumbu ya marehemu kukisia hakufai.

2. Umbo liwe 4 kwa 3. Televisheni za sasa ni pana, na mafundi wengi huvuta picha ili kuijaza. Ndipo mchungaji mrefu anakuwa mfupi. Acheni nafasi nyeusi pande mbili, haina ubaya.

3. Kila picha ya VHS ina nusu mbili zinazofuatana, mistari ya namba witiri na ya namba shufwa. Katika kompyuta hizi huonekana kama meno ya kitana mtu anapopunga mkono. Katika nakala iliyofungwa ziacheni hivyo hivyo. Zinaunganishwa baadaye, katika nakala ya simu.

4. Sauti irekodiwe kwa kiwango cha 48 kHz bila kubanwa. Kwa kwaya hili ni nusu ya kazi. Jaribuni sehemu yenye kelele zaidi, pale ngoma na sauti zote zinapoingia, na mshushe kiwango mpaka alama nyekundu isiwake. Sauti iliyopasuka haiponi.

5. Tazameni hesabu ya picha zilizodondoka, ambayo programu huionyesha. Ikipanda, simamisheni, fungeni programu nyingine zote, zimeni intaneti, na mwanze tena.

6. Mistari ya fujo iliyo chini kabisa ya picha ni ya kawaida katika VHS. Msiikate katika nakala iliyofungwa.

Sasa kuhusu nafasi. Saa moja ya picha isiyobanwa kabisa ni karibu GB 75. Ikibanwa bila hasara, kwa kodeki kama HuffYUV au FFV1, inakuwa kwa kawaida kati ya GB 25 na 35. Kwa mfumo wa DV ni karibu GB 13, na ubora wake bado ni mzuri. Parokia isiyo na fedha ya diski kubwa inaweza kuchagua DV bila aibu. Kaseti ya E-180 hubeba saa tatu kwa mwendo wa kawaida, kwa hiyo fanyeni hesabu kabla ya kuanza. Diski ya kupokea faili iwe imepangwa kwa NTFS au exFAT. Ile ya FAT32 haikubali faili moja inayozidi GB 4, na mtakuta kazi imesimama katikati ya mahubiri.

Umeme ni adui mwingine. Ukikatika katikati, faili nzima inaweza kupotea, na mashini inaweza kushika utepe ndani. Tumieni kompyuta yenye betri nzuri, na mashini ya kaseti iwe kwenye betri na inveta ya jua, si moja kwa moja ukutani. Kaseti haiendi haraka: saa tatu zake ni saa tatu zenu. Mtu mmoja awe karibu muda wote.

Kaseti ndogo za kamera

Zile za Video8 na Hi8 huchezwa ndani ya kamera yake yenyewe, kisha waya zinaunganishwa kama hapo juu. MiniDV ni jambo jingine. Hizo, zilizoanza mwaka 1995, tayari ni za dijitali. Picha inatolewa kwa waya wa FireWire, nayo inaingia katika kompyuta namba kwa namba, bila hasara hata kidogo. Fundi akitumia waya wa manjano kwa MiniDV, anaigeuza dijitali kuwa ya zamani, kisha dijitali tena. Mkatazeni.

Hatua ya tano: kutengeneza diski

Nakala iliyofungwa ikiwa salama, sasa tunatengeneza iliyo wazi. DVD ya kawaida ina nafasi ya GB 4.7, na picha yake ni lazima ibanwe kwa mfumo wa MPEG-2, ambao huondoa kitu kila mara. Swali ni kiasi gani. Saa moja katika diski moja inakaa vizuri sana, na macho ya kawaida hayataona tofauti na kaseti. Saa mbili bado inakubalika. Zaidi ya hapo gawanyeni katika diski mbili au tatu. Diski haina bei kubwa kuliko sura ya baba yako.

Programu ya bure ya DVDStyler inatosha kwa kupanga sura za diski na kuandika majina. Kwa simu, HandBrake hutengeneza faili ya MP4, na hapo ndipo mnapounganisha zile nusu mbili za picha.

Chagueni DVD-R au DVD+R ya jina linaloaminika. Zile za kufutika na kuandikwa tena si za kuweka kumbukumbu. Andikeni kwa kasi ya chini, kama mara 4 au 8, na mwishoni programu ikiuliza kama ihakikishe, kubalini. Ifungeni diski, la sivyo haitafunguka kwenye mashini nyingine. Jina liandikwe kwa kalamu isiyo na alkoholi, karibu na tundu la katikati, bila kubandika karatasi juu yake. Rangi iliyo ndani ya diski hizi huharibiwa na jua, kwa hiyo dirishani si mahali pake. Na kwa kuwa kompyuta mpya nyingi hazina tena mlango wa diski, mpeni kila mwenye kaseti pia faili katika flashi.

Hatua ya sita: chombo cha udongo

Kanuni ya watunza kumbukumbu ni hii: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa parokia, hiyo ni kusema diski ngumu ya nje katika ofisi, diski ngumu nyingine katika mji mwingine, na DVD kwa wenye kaseti. Parokia ya Goma inaweza kubadilishana na parokia dada ya Butembo, Bunia au Bukavu. Wengi wetu pia tuna ndugu walio katika nchi za mbali. Hao wanaweza kulinda nakala ambayo hakuna lava wala bunduki itakayoifikia.

Diski ngumu iliyofungiwa kabatini miaka mingi nayo inakufa. Mara moja kila mwaka iwasheni, fungueni faili chache, tazameni mwanzo, katikati na mwisho. Wekeni siku katika kalenda ya parokia. Diski ikianza kutoa sauti ngeni, kopieni yote siku hiyo hiyo.

Kaseti zenyewe zisitupwe. Zisimamishwe kama vitabu, zikiwa zimerudishwa mwanzo, mahali pakavu, mbali na vipaza sauti vikubwa vyenye sumaku.

Kama mnapeleka kwa fundi

Ulizeni kabla ya kutoa kaseti. Je, nitapata faili kubwa, au DVD tu? Ni saa ngapi kwa diski moja? Mnatumia mashini gani na waya gani? Picha itabaki 4 kwa 3? Kaseti yangu itarudi? Mpeni kwanza kaseti moja isiyo ya maana sana, mtazame kazi yake. Fundi mwaminifu hatachukia maswali haya. Na tuwalipe mafundi wetu haki yao, kwa sababu kazi nzuri inakula saa nyingi.

Nani ataona

Nakala iliyo wazi isiwe wazi kwa kila mtu. Katika kaseti hizi mna watoto waliobatizwa ambao sasa ni watu wazima, mna wajane wanaolia, mna watu waliouawa. Kabla ya kuweka chochote kwenye mitandao, jamaa iulizwe. Katika wakati wa vita, uso au nyumba iliyo katika picha ya zamani inaweza kumtia mtu hatarini leo. Halmashauri ya wazee ikae, iamue yale ya kuonyesha katika ibada, yale ya jamaa peke yake, na yale ya kufungwa kwa muda. Nyimbo za kwaya ni kazi ya watu pia. Waliozitunga watajwe.

Pa kuanzia

Nashauri kila parokia ichague Jumapili moja, watu walete kaseti zao, vijana wawili waandike daftari, na kaseti tano tu zichaguliwe kwa kuanza. Wapatieni wazee nafasi ya kutazama wanapohamisha. Wao ndio watakaosema, yule wa pili kutoka kushoto ni fulani, alilala mwaka fulani, wimbo ule aliutunga yeye. Andikeni hayo katika daftari, karibu na namba ya kaseti. Picha isiyo na majina, baada ya miaka 30, ni picha ya watu wasiojulikana.

Yule mama mjane bado ana DVD yake. Tulipoicheza, picha ilikuwa mbovu, lakini mume wake aliposema kiapo, alimtambua kwa sauti. Aliniomba nirudishe nyuma mara tatu. Sauti hiyo tumeihifadhi kama ilivyo, katika diski mbili, katika miji miwili. Kwenu ambao bado mna kaseti, mnaweza kuhifadhi zaidi ya sauti.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.